Wale Watu wa Orodha

Mzee Sabas tumemzika Jumamosi iliyopita kihambani kwake, shamba la nyumbani, Kilema kwenye miteremko ya Kilimanjaro, nyuma ya nyumba, pale ambapo migomba inaachia nafasi kidogo. Sikuwa na uhakika kama nilistahili kwenda. Taarifa niliipata kwa simu kutoka kwa mtu ambaye hakujua kwamba mimi na familia ile tulikuwa na neno. Nikakaa nayo siku nzima huku nikifanya kazi nyingine, na asubuhi yake nikatoa kitenge cheusi kabatini nikaenda. Niliwakuta wanawake jikoni, moshi umetanda hadi uani. Fulgensia, binti wa marehemu, alitoka ndani akaniona. Tulikumbatiana kama watu wanavyokumbatiana msibani, ambako hakuna mwenye nguvu ya kuchagua wa kumkumbatia. Binti yake, msichana mkubwa sasa, akamuuliza, "Mama, huyu ni nani?" Fulgensia alinitazama kidogo, akamjibu, "Tuliishi chumba kimoja mjini, kabla hujazaliwa." Kisha akanipa kisu na beseni la viazi, akarudi ndani kwa wageni. Sikumlaumu. Nimeshapita miaka hamsini. Mengi ya ujana wangu nimeyasahau bila hata kujitahidi, lakini mwaka ule wa chumba kimoja sijapata kuutua.

Chumba chenyewe kilikuwa Majengo, Moshi mjini, kwenye nyumba ya mama mmoja mjane. Vitanda viwili, pazia katikati ambalo hatukulifunga hata siku moja, jiko la mkaa barazani, na ukuta wa mbao mwembamba kiasi kwamba tulijua mwenye nyumba amefika fumbo la ngapi la rozari. Karne mpya ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. Fulgensia alikuwa karani kwenye duka la vifaa vya ofisi, mimi nilihudumu kwenye kafe ya intaneti ng'ambo ya barabara: chumba cha ghorofani, kompyuta sita, na laini ya simu iliyokatika kila mvua iliponyesha. Wateja wangu wengi walikuwa waongoza watalii. Walikuja na viatu vilivyopasuka soli na vikaratasi vyenye anwani za Wazungu waliowapandisha mlimani, wakasimama begani kwangu kunielekeza. "Andika hivi, dada. Mpendwa bwana Pita, mimi ni yule aliyekubebea begi la bluu siku ile ulipotapika. Mwambie namsalimu mama yake." Niliandika. Majibu yalikuja mara chache, na mimi ndiye niliyepaswa kuwaambia kila asubuhi kwamba hakuna kitu. Nikiulizwa leo uchovu wangu ulianzia wapi, nitasema ni pale, kwenye kuwa mdomo wa watu wasiojibu.

Fulgensia alikuwa na akili ya kushika vitu upesi kunizidi. Saa za chakula cha mchana alivuka barabara na chapati zake mbili, akakaa kwenye kompyuta ya dirishani, akajifunza mwenyewe kutengeneza websaiti. Neno tovuti lilikuwa halijatufikia. Alimtengenezea baba yake. Mzee Sabas alikuwa amepika mlimani miaka mingi, kwenye mahema ya watalii, mpaka magoti yakakataa. Kahawa ilikuwa imeshuka thamani, majirani wanang'oa mibuni kupanda nyanya, yeye akasema hang'oi. Alipaka chokaa vyumba viwili vya nje, akatandika vitanda, akaweka kwenye kila kimoja taa ya chemli na picha ya Bikira Maria, kisha akamwambia binti yake, "Wale niliokuwa nawapikia kule juu, sasa waje niwapikie huku chini." Mgeni angelala, angechuma kahawa, angeikaanga na kuitwanga mwenyewe, angetembezwa mpaka kwenye maporomoko. Yote haya Fulgensia aliyaandika kwenye websaiti kwa Kiingereza chake kizuri cha sekondari, pamoja na picha za baba akiwa na aproni. Ilipokamilika tulinunua soda mbili tukasherehekea. Kisha hakuja mtu.

Siku hizi unaandika neno moja na mashine inakuletea dunia nzima. Siku zile kulikuwa na direktori, yaani orodha kubwa ya websaiti zote zenye maana, iliyopangwa kama makabati ndani ya makabati: unafungua Afrika, ndani yake Tanzania, ndani yake Kilimanjaro, ndani yake Moshi. Haikuandikwa na mashine. Kila kabati lilikuwa na mhariri wake, mtu wa kujitolea mahali fulani duniani, ambaye aliifungua websaiti yako, akaisoma, akaamua kama inafaa, na kama inafaa akaandika jina lake na maelezo mafupi chini yake. Maneno ya kujisifu hayakuruhusiwa. Huandiki "bora kuliko zote", huandiki "ya kipekee". Mitambo mingi ya kutafutia ilichota humo, kwa hiyo aliyekuwa kwenye orodha alionekana Ulaya, na asiyekuwemo alikuwa kama hajazaliwa. Fulgensia alijaza fomu, akatuma. Tukasubiri wiki, mwezi, miezi miwili. Kila Jumamosi nilipopanda naye Kilema, mzee alitusubiri mlangoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba wanangu. Wametuweka?"

"Bado, baba."

"Hawa watu," alisema, akitikisa kichwa, "sijui wanakula nini huko waliko."

Mama Fulgensia alitupakulia machalari, ndizi zilizopikwa na nyama mpaka mchuzi ukawa mzito, na mzee alituonyesha upya vile vyumba viwili, kana kwamba hatukuviona wiki iliyopita. Alikuwa anabadilisha mashuka kila Ijumaa. Mashuka ambayo hakuna aliyeyalalia alikuwa anayafua, anayaanika, anayapiga pasi ya mkaa. Mkewe alimwambia siku moja mbele yetu, kwa Kichagga, kwamba anawatandikia mizimu. Mzee akacheka, lakini Ijumaa iliyofuata akabadilisha tena.

Ilikuwa mwezi wa tatu wa kusubiri nilipoona, chini kabisa ya ukurasa wa Moshi, maneno madogo yaliyosema kwamba kabati hili halina mhariri, na anayependa anaweza kuomba. Kwa hiyo hakukuwa na mtu. Miezi yote ile tulikuwa tunabisha hodi kwenye nyumba isiyo na mwenyewe. Sikumwambia Fulgensia. Niliomba kimya kimya, nikachagua jina la kiuhariri ambalo hakuna ambaye angenijua kwalo, nikaandika maelezo ya websaiti tatu za mfano kama walivyotaka. Nia yangu ilikuwa njema na fupi: nikubaliwe, niiweke websaiti ya mzee siku ileile, Jumamosi tupande Kilema na habari. Hata maneno ya kumwambia nilikuwa nimeyaandaa. Baada ya siku kumi nikapokea barua pepe ya kunikaribisha.

Nilifungua foleni mchana mmoja kafe ikiwa tupu. Kulikuwa na maombi mengi mno, kampuni za kupandisha watalii karibu zote, na mengine yalisubiri zaidi ya mwaka kabla ya sisi kuanza. Websaiti ya Mzee Sabas niliikuta humo mara tisa. Fulgensia, bila kuniambia, alikuwa anaituma upya kila baada ya wiki moja au mbili, kila mara na jina tofauti kidogo. Chini yake mhariri fulani wa makabati ya juu, aliyepita kufagia, alikuwa ameacha maandishi: inatumwa ovyo, isipewe kipaumbele. Nilisoma kanuni. Zilisema mhariri atangaze websaiti zote anazohusiana nazo kwa undugu, urafiki au kazi, na asizipendelee. Nilikaa nikitazama skrini mpaka ikajizima. Ningeweza kuiweka pale pale. Badala yake nilijiambia: nianze na wa kwanza kwenye foleni, nimalize, nifike kwa mzee kwa haki, na hapo hakuna atakayesema neno.

Leo najua kwamba ile haikuwa haki tupu. Nilipenda. Mimi niliyekuwa nawaambia watu kila asubuhi kwamba hawajajibiwa, ghafla nikawa mimi ndiye wa kujibu. Nilinunua daftari la kurasa mia, nikawa naandika kila kampuni na anwani iliyojitangaza nayo, na saa nne asubuhi, bosi akiwa benki, nilitembea mtaa kwa mtaa kuhakiki. Wahariri wengine walifanya kazi bila kuinuka kitini. Mimi nilikwenda kwa miguu. Nilikuta ofisi za kweli zenye watu wa kweli, nikawaweka. Nikakuta pia kampuni moja iliyojitangaza kuwa na jengo lake, magari na ofisi kuu, na mahali pale nilipofika palikuwa saluni ya wanawake. Wasusi walicheka. "Huyo? Huwa anakuja kuazima kiti chetu Wazungu wakifika," mmoja aliniambia. Nilirudi nikaikataa. Mwenye kampuni alipoandika kupitia ukurasa wa Moshi kulalamika, nilimjibu kwa kiburi cha ujana, kwamba nimefika mtaani kwake na sikuiona ofisi. Nilijisikia vizuri jioni nzima.

Ila Jumamosi zilikuwa zinanitoa jasho. Miezi mitano nilipanda Kilema nikiwa na ile siri, nikaketi kwenye benchi lao, nikala chakula chao. Nilikuwa nimekwisha kuisoma websaiti yao kwa jicho la mhariri na kuikuta na kasoro. Ilisema mlima unaonekana kutoka kitandani. Ukweli ni kwamba ulionekana kutoka kwa jirani, ukipanda kidogo. Ilisema kuna bafu la maji ya moto. Maji yalichemshwa na Mama Fulgensia kwenye mafiga na kupelekwa kwa ndoo. Nilijaribu kumdokezea Fulgensia. Tulikuwa barazani kwao Kilema, anakatakata mchicha.

"Ile ya mlima kuonekana kitandani," nilisema, "si utoe tu?"

"Kwa nini nitoe?"

"Mgeni akija asiuone?"

"Resti, mgeni gani? Wacha waje kwanza, watukute na makosa." Akaendelea kukata. "Wewe siku hizi unaongea kama hao watu."

Nilikuwa na nafasi ya kumwambia pale pale, mchicha ungali mkononi mwake, nikaiacha ipite. Kanuni zilisema nisubiri, na kwa kuwa kanuni zilinipa kisingizio, nilizishika. Na Jumamosi ile, mzee, akiwa amechoka na kikombe chake cha mbege, pombe ya ndizi, mkononi, alisema jambo ambalo hakuwahi kulisema. "Hawa watu wana dharau. Wameona jina la kijijini wakalitupa. Mungu awalipe." Akanigeukia, kwa kuwa mimi ndiye mtu wa kompyuta. "Au nasema uongo, mwanangu?"

"Kweli baba," nilisema. "Wana dharau."

Wiki iliyofuata foleni ilikuwa bado ndefu, na mimi nilikuwa nimeishiwa. Sikuwa na ushujaa wowote, wala sikupima lolote. Nilichoka tu, kama mtu anavyoutua mzigo njiani bila kuangalia anautua wapi. Niliruka watu kumi na kitu waliokuwa mbele, nikaifungua ile ya Mzee Sabas, nikafuta maombi yote ya kurudia, nikabakiza moja, nikaandika kwa Kiingereza cha kamusi: familia ya wakulima wa kahawa Kilema inapokea wageni, vyumba viwili, matembezi ya maporomoko. Sikutangaza kwamba binti wa mwenyewe alikuwa analala mita mbili kutoka kitanda changu. Nikabonyeza.

Wageni walikuja. Wawili, mke na mume wa makamo, walimu huko kwao, waliowapata kwa kupitia orodha. Sikuwepo walipofika, lakini Fulgensia alinisimulia mara nyingi mpaka nikawa kama niliyekuwepo: jinsi mzee alivyovaa aproni yake ya zamani, jinsi mama wa Kizungu alivyotwanga kahawa mpaka mikono ikatoka malengelenge na kukataa kupumzishwa, jinsi walivyouliza mlima uko wapi na mzee akawapandisha kwa jirani bila aibu. Walilala siku mbili. Walipoondoka, mzee alikaa kwenye ngazi akamwambia binti yake achukue kalamu. Barua ilinifikia Jumatatu kupitia ukurasa, nami niliisoma kafe, huku mwongoza watalii mmoja akinisubiri nimfungulie kompyuta. "Waheshimiwa. Mimi ni mkulima wa Kilema. Niliwasema vibaya nyumbani kwangu mbele ya watoto. Nawaomba radhi. Mmeniona. Mkifika Moshi, nyumba yangu ni nyumba yenu." Fulgensia alikuwa ameitafsiri kwa Kiingereza na kuweka maneno ya baba yake chini, kwa Kiswahili, ili yasipotee. Sikujibu. Jioni alipoingia chumbani aliniuliza, "Unadhani wataisoma?" Nikamwambia labda.

Yule mwenye kampuni ya saluni hakuwa mjinga. Jibu langu la kiburi lilimwonyesha kwamba mhariri yuko Moshi na ana miguu. Aliwauliza wasusi, wakamwambia: dada mwembamba, ana daftari, yule wa pale kwenye intaneti, anayekaa na karani wa duka la vifaa vya ofisi, binti wa Kilema. Alipanda ngazi za kafe mchana, akasimama kwenye meza yangu, mtu mstaarabu, shati limepigwa pasi.

"Ni wewe unayetuandika?"

Sikukataa.

"Umeninyima mimi kwa sababu ya kiti cha saluni," alisema bila kupaza sauti. "Sawa. Na huyu wa Kilema, mwenye binti unayekaa naye, ofisi yake uliihakiki ukiwa umelala au umekaa mezani unakula?"

Malalamiko aliyoyapeleka kwa wakubwa wa orodha yalikuwa ya kweli kila mstari. Baada ya wiki mbili neno langu la siri halikufungua tena mlango. Websaiti ya Mzee Sabas iliondolewa ikisubiri mhariri mwingine, ambaye kwa kadiri nijuavyo hakupatikana. Kila niliyemweka kwa kutembea kwa miguu aliachwa alipo.

Fulgensia alikuwa amekwisha kujua. Yule bwana alimpitia dukani siku ileile, akamwambia yote huku akinunua bahasha. Nilipofika chumbani nilimkuta ameketi kitandani, viatu vikiwa bado miguuni.

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Tangu lini?"

Nilimtajia mwezi. Alihesabu kwa vidole, nikamwona akifika kwenye Jumamosi moja baada ya nyingine. Nilijieleza. Nilimwambia habari za foleni, za mara tisa, za maandishi ya yule mhariri mwingine, za haki. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Ungeniambia nimekosea kutuma mara tisa, ningeacha," alisema. "Ungeniambia toa mlima, ningeutoa. Wewe ulikaa ukanipima." Mwisho wa mwezi alihamia kwa binamu yake Old Moshi. Pazia aliniachia.

Nilipanda Kilema peke yangu kumwambia mzee. Hakuna aliyenituma. Nilimkuta anasafisha mfereji wa maji unaopita kihambani, suruali imekunjwa magotini, nikamwamkia, akaitikia, akaendelea kutoa majani. Binti yake alikuwa amemwambia, lakini aliniacha niseme yote kwa mdomo wangu. Nilipomaliza alinawa mikono mferejini.

"Wale uliowatanguliza mbele yangu," aliuliza, "walistahili?"

"Wengi wao, baba."

"Basi hapo sina ugomvi. Mimi hata mlimani nilipikia kwa foleni." Akanyooka taratibu, akishika kiuno. "Na kuniweka kwa kuruka watu, hapo ulinihurumia. Sipendi, lakini naelewa."

Nilidhani yamekwisha. Mama Fulgensia alinipa chakula, nikala, ingawa hakukaa nami. Nilipoaga, mzee alinisindikiza mpaka barabarani, maana kwetu mgeni haondoki peke yake wala mikono mitupu. Alikuwa amenikatia mkungu wa ndizi, akaubeba mwenyewe begani na magoti yale. Barabarani akautua chini, akapumua.

"Fulgensia amekasirika kwa kuwa ulimficha," alisema. "Mimi ni kitu kingine. Siku ile niliwalaani wale watu, nikakuuliza kama nasema uongo. Ukaniitikia. Ukaniacha nikulaani mezani kwangu, wewe unakula, na mimi sijui."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe," alisema, na naamini alisema kweli, kwa sababu hakuwa mtu wa kusema asichokimaanisha. Aliniinulia mkungu mpaka kichwani, akahakikisha umekaa sawa, akaniambia niangalie utelezi pale kwenye kona. Karibu tena hakusema. Nilishuka na mzigo wangu bila kugeuka, na sikuikanyaga tena njia ile mpaka Jumamosi iliyopita.